Mpangaji hafukuzwi kwa kufuli

Mhariri,

Chumba na sebule cha shilingi 150,000 kwa mwezi, kiwe Tabata, Mbagala au Kimara, hakiingiwi kwa 150,000. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkononi, yaani 900,000, na dalali naye anadai kodi ya mwezi mmoja. Mpangaji ametoa 1,050,000 kabla hajaingiza hata ndoo, na mara nyingi anachopewa ni funguo mbili na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto wa shule. Mwezi wa nne tangu aingie, mwenye nyumba anapata mteja wa bei kubwa zaidi, au mdogo wake anarudi kutoka mkoani, na mpangaji akitoka kazini anakuta kufuli jipya mlangoni.

Akienda kulalamika anaambiwa, "Tanzania hakuna sheria ya wapangaji." Maneno haya yamezoeleka hadi baadhi ya wenyeviti wa mitaa wanayaamini, na ndiyo yaliyonifanya niandike. Ni kweli nusu. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984, iliyokuwa ikiweka ukomo wa kodi na kumlinda mpangaji dhidi ya kutolewa ovyo, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano ya watu wawili. Lakini kilichofutwa ni ukomo wa bei na kinga ya sheria ile. Haki ya kukaa kwa amani katika nyumba uliyoilipia haikufutwa. Imo katika Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, kwenye sehemu inayohusu mikataba ya pango. Jina la sheria huwapoteza wengi, wakidhani ni ya viwanja na mashamba tu, wakati tafsiri ya neno ardhi ndani yake inajumuisha na majengo yaliyosimama juu yake.

Kifungu cha 88 ndicho ningependa kila mpangaji akijue kwa namba. Kinaorodhesha ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa kuwa amezitoa hata kama mkataba haukuzitaja: kwamba mpangaji anayelipa na kutimiza masharti atakaa bila kubughudhiwa, kwamba chumba au nyumba inafaa kwa makazi ya binadamu siku ya kuingia na itabaki hivyo, kwamba pale unapokodi sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji taka na sehemu za wote ni kazi yake kuzitengeneza, na kwamba kodi na tozo za serikali juu ya nyumba hiyo ni zake yeye, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Mvua za masika zikipenya dari ya chumba cha nyumba yenye wapangaji sita, fundi ni wa mwenye nyumba. Karo likijaa na maji machafu yakatokea chooni, hilo nalo linaanzia kwake, hata kama kwa mazoea wapangaji huchangishana kulipa gari la kunyonya. Mkikubaliana kuchanga, andikeni kwamba mmekubaliana.

Kuna kosa moja hapa linalowaponza wapangaji wenye haki. Paa linavuja, mwenye nyumba hapokei simu, mpangaji anaita fundi kwa 180,000 kisha anaikata kwenye kodi bila kuongea na mtu. Kwa jicho la sheria sasa ana deni la kodi, na deni la kodi ndiyo sababu rahisi kuliko zote ya kumtoa. Mpelekee kwanza ujumbe wa maandishi wenye picha ya uharibifu, tarehe, na makadirio ya fundi. Subiri jibu linalosema "tengeneza, tutakata kwenye kodi ijayo." Ndipo utengeneze, na risiti ya bati na misumari uitunze. Ujumbe wa simu unatosha, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu za aina hiyo kupokelewa kama ushahidi. Usifute mazungumzo, na ukibadilisha simu hamisha ujumbe kabla ya kuuza ile ya zamani.

Mwingine hana mkataba wa maandishi kabisa na anajiona hana pa kusimama. Si hivyo. Pango la muda mfupi, la mwaka mmoja au pungufu, laweza kufanywa hata kwa mdomo. Tatizo la mdomo ni kuthibitisha: nani alikodi, kwa kiasi gani, mpaka lini. Ndiyo maana risiti inabeba uzito kuliko watu wanavyodhani. Tazama risiti hii ya kawaida: "Nimepokea 900,000 kutoka kwa Baba Asha. Asante." Hakuna tarehe, hakuna nyumba, haijulikani ni ya miezi mingapi wala aliyepokea ni nani. Mbele ya baraza la ardhi, karatasi hiyo yaweza kuwa mkopo au mchango wa harusi. Iandikwe hivi: "Mimi (majina matatu na namba ya NIDA) nimepokea shilingi 900,000 kutoka kwa (majina matatu), ikiwa ni kodi ya pango ya chumba na sebule, mlango wa pili kushoto, nyumba namba fulani, mtaa fulani, kuanzia tarehe 1 Februari hadi 31 Julai." Sahihi mbili, shahidi mmoja kila upande. Kazi ya dakika kumi. Na ukiweza, pesa yenyewe ipite benki au kwenye simu, kwa jina lilelile lililo kwenye mkataba. Mwenye nyumba akikutumia namba ya mtu mwingine, akuandikie kwamba hiyo ni namba ya kupokelea kodi yake.

Mkataba ukiwa wa maandishi, msisahau ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa nyumba ya 200,000 kwa mwezi, mwaka ni 2,400,000 na ushuru ni 24,000. Wengi huuruka. Siku ya shauri upande wa pili husimama na kusema hati hii haijalipiwa stempu, na hati ya namna hiyo yaweza kukataliwa mpaka ilipiwe pamoja na adhabu. Utapoteza tarehe ya kusikilizwa kwa ajili ya 24,000.

Kabla ya hayo yote, jiulize kama unayempa pesa ana mamlaka ya kukodisha. Dalali hana mamlaka hayo kwa kuwa dalali tu. Chumba kimoja hukodishwa kwa watu watatu wiki moja, na wote watatu hukutana mlangoni na magodoro yao. Omba kuona hati au leseni ya makazi, kisha mtaje mwenye nyumba kwa jina katika ofisi ya serikali ya mtaa na kwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Nyumba za urithi ndizo zenye hatari kubwa, na Dar es Salaam zimejaa. Mzee amefariki, watoto ni saba, mmoja anakaa uani na ndiye anayekusanya kodi. Anakupokea vizuri, unalipa, na miezi miwili baadaye dada yake anakuja kukwambia hakutambui. Swali la kuuliza ni moja: msimamizi wa mirathi ni nani, na barua ya mahakama iliyomteua iko wapi? Mkataba usainiwe na huyo. Kama hajateuliwa mtu, tafuta chumba kingine, au angalau lipa mwezi mmoja mmoja.

Siku ya kukabidhiwa, piga video ya kila chumba taratibu, kuanzia dari hadi sakafu: nyufa, vioo, bomba la jikoni likiwa wazi, soketi, kitasa. Soma kwa sauti tarehe na namba iliyo kwenye mita ya umeme na ya maji. Mtumie mwenye nyumba papo hapo. Palipo na dhamana, yaani fedha anayoishikilia mwenye nyumba dhidi ya uharibifu, na kwenye apatimenti huwa ipo, video hiyo ndiyo itakayobishana na orodha ya "umeharibu rangi" utakayoletewa siku ya kuondoka. Uchakavu wa kawaida si uharibifu. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu haikatwi kwenye dhamana ya mtu.

Nikae kidogo kwenye umeme, maana hapo fedha ya mpangaji huvuja kila wiki bila yeye kujua. Neno kodi kwetu linabeba mizigo mingi. Kuna kodi ya pango, ambayo ni ya mpangaji. Kuna kodi ya jengo na kodi ya ardhi, ambazo ni za mwenye nyumba. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwa ghorofa mijini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu, yaani 7,500 kwa mwezi. Anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo anayelipa kodi ya jengo ni mpangaji, kwa niaba ya mwenye mali. Soma ujumbe wa tokeni: makato yameandikwa mstari kwa mstari, na hilo la jengo limo. Hifadhi jumbe hizo, zijumlishe mwisho wa mkataba, na udai zipunguzwe kwenye kodi ijayo. Ukiingia nyumba iliyokaa tupu, nunua umeme kidogo kwanza. Madeni ya miezi ya nyuma hukatwa kwa mkupuo na mtu hubaki akishangaa elfu kumi yake imeleta uniti chache. Na kama kwenye nyumba moja kuna mita tatu zinazokatwa zote, wa kwenda TRA kurekebisha ni mwenye nyumba.

Kodi ya zuio ya asilimia 10 nayo imewachanganya watu. Ni kodi ya kipato cha mwenye nyumba. Inapokatwa, inatoka ndani ya kodi ya pango na mpangaji anampa mwenye nyumba asilimia 90 iliyobaki. Mkataba unaosema "kodi ni 500,000 pamoja na zuio juu yake" umemtwisha mpangaji kodi ya mtu mwingine, na afadhali ajue hivyo kabla ya kusaini.

Vyumba vinavyotumia mita moja vina hasara nyingine. Mteja wa umeme wa kundi la chini, D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, takriban 122 ukijumlisha kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ni 292, takriban 356 pamoja na makato. Wapangaji watano wenye feni, pasi na friji mbili kwenye mita moja hawawezi kubaki ndani ya uniti 75, hivyo wote hulipa bei ya juu, hata yule mwenye taa moja na chaja. Ukipata nyumba ambayo kila mlango una mita yake ya TANESCO, tofauti hiyo yaweza kufidia kodi iliyo juu kwa elfu kumi. Ukikuta mita ndogo za ndani zilizofungwa na mwenye nyumba, bei ya uniti iandikwe kwenye mkataba.

Na kwa wanaokodi Masaki au Mikocheni kwa dola: kanuni za 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni zimekataza kupanga na kudai bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Omba mkataba wa shilingi.

Sasa notisi. Wapangaji wengi huamini kwamba kila anayetolewa lazima apewe miezi mitatu. Hakuna kanuni ya jumla kama hiyo. Mkataba wenye tarehe ya mwisho huisha tarehe hiyo, na kama haukudai notisi, hakuna anayelazimika kuitoa. Ila kama hamkuandikiana muda, au muda umeisha na mwenye nyumba ameridhia uendelee kukaa, kifungu cha 79 kinauhesabu upangaji huo kuwa wa vipindi, na kipindi ni kile ambacho kodi hulipwa kwacho. Notisi isipungue kipindi hicho, tena iishe siku ambayo kodi inadaiwa. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi anayelipa kila tarehe 1 akipewa notisi Machi 10, haondoki Aprili 10. Anaondoka Mei 1. Anayelipa miezi sita ana hoja kwamba notisi yake ni ya miezi sita. Mwenye nyumba atajibu kwamba kodi ni ya mwezi, ila ililipwa kwa pamoja. Baraza litaangalia maneno ya risiti na mkataba, kwa hiyo andikeni tangu mwanzo: "notisi ni miezi miwili kwa kila upande." Wajibu huo ni wa pande zote. Mpangaji anayehama usiku naye anavunja mkataba.

Kwa anayedaiwa kodi kweli, ushauri ni mfupi: lipa ulicho nacho kwa njia inayoacha kumbukumbu, na omba kwa maandishi tarehe ya kumalizia. Wapo wanaokataa kupokea kodi kwa makusudi ili mpangaji aonekane mdaiwa. Itume kwenye simu au akaunti ileile uliyozoea kulipia. Akiirudisha, ushahidi wa kurudisha unakusaidia wewe.

Likitokea la kufuli, vyombo kutupwa nje, bati kung'olewa au maji kukatwa, fanya mambo haya siku hiyohiyo. Piga picha, ita majirani wawili waone, kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa iandike tukio. Mwenyekiti ana uwezo wa kusuluhisha na kushuhudia. Hana uwezo wa kumtoa mpangaji, na barua yenye muhuri wa mtaa si amri ya baraza. Polisi watakwambia ni jambo la madai, na kuhusu pango lenyewe wako sahihi. Lakini kitu kilichoibwa, kilichovunjwa, au tishio la kupigwa ni jinai. Eleza hicho na uondoke na namba ya RB, yaani ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Mwenye nyumba pia hana ruhusa ya kujichukulia friji yako kufidia deni. Mali hukamatwa kwa amri, na anayeikamata ni dalali aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo, si dalali wa vyumba. Sheria ya Ardhi inamwachilia wajibu wa kulipa kodi mpangaji aliyeondolewa isivyo halali, kwa hiyo tarehe ya kufuli iandikwe vizuri kila mahali.

Baada ya hapo ni baraza la kata. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza hilo halitoi hukumu ya ardhi tena, linapatanisha tu, na mawakili hawaruhusiwi humo. Likishindwa linatoa cheti, na kwa cheti hicho unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda wilayani bila cheti. Kwa hiyo siku ya kupeleka lalamiko kata, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa tarehe. Bila muhuri huo hizo siku 30 hazina pa kuhesabiwa. Wilayani waweza kujisimamia mwenyewe, kwa Kiswahili, ukaomba amri ya zuio la muda, kurudishwa ndani na fidia. Usiporidhika na uamuzi, rufaa ya Mahakama Kuu ina siku 45. Asiye na uwezo aulize msaada wa kisheria. Una sheria yake ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo wilayani.

Hapo kwenye siku 30 ndipo sheria yenyewe inapomwangusha mpangaji. Kufuli linafungwa kwa dakika moja. Mama mwenye watoto watatu aliyelipia miezi sita analala kwa shemeji wiki nne akisubiri kupatanishwa na mtu aliyemfungia, na baraza lenye uwezo wa kuamuru mlango ufunguliwe haliruhusiwi kusikiliza shauri lake kabla. Akifika wilayani anakuta chumba kina mpangaji mpya aliyelipa naye miezi sita, asiye na kosa lolote. Upatanishi ni jambo jema kwa ndugu wanaogombea mpaka wa shamba. Kwa mtu aliyetolewa nje ya nyumba anayoishi ni adhabu juu ya adhabu.

Ninachoomba Bunge lifanye ni kuongeza maneno machache kwenye kifungu cha 13 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi: kwamba mpangaji wa nyumba ya kuishi aliyefungiwa mlango au kukatiwa huduma aweze kuomba amri ya dharura Baraza la Wilaya siku hiyohiyo, huku upatanishi wa kata ukiendelea. Pamoja na hilo, sheria iweke ukomo wa kodi ya mbele, hata kama ni miezi mitatu, kwa sababu anayeshikilia 900,000 zako hana haraka ya kusuluhishwa. Gazeti lenu linasomwa na wabunge wa majimbo yote ya Dar es Salaam, ambako wapiga kura wao wengi ni wapangaji. Waulizeni kwa majina nani yuko tayari kulipeleka hilo bungeni, na mchapishe majibu yao.

Wako,
Msaidizi wa kisheria,
Dar es Salaam